Ubavu wa Gitaa na Hukumu Zetu

Mwaka 1999 nilikuwa karani wa kamati ya waamuzi katika maonyesho ya kazi za mikono za shule za sekondari, katika wilaya moja ambayo sina haja ya kuitaja. Siku ya pili ya maonyesho kililetwa mezani petu chombo ambacho hatukujua tukiweke fungu gani. Kilikuwa gitaa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa ameliunda kwa mikono yake, tangu kupasua mbao hadi kufunga nyuzi. Hata vigingi vya kukazia nyuzi alivichonga mwenyewe kwa mpingo, mfano wa vigingi vya udi. Karatasi ya masharti ilisema kwamba ala za muziki zitakazoshindanishwa sharti ziwe "za asili". Mwenyekiti akalitazama gitaa, akaitazama karatasi, akasema, "Hili la kigeni." Nami nikaandika hivyo hivyo katika daftari. Zawadi ya kwanza ikaenda kwa shule iliyoleta zeze zuri sana, ambalo baadaye tulikuja kujua kwamba lilinunuliwa gulioni kwa mzee mmoja siku tatu kabla ya maonyesho.

Kabla gitaa halijaondolewa mezani, seremala mmoja mzee, aliyealikwa katika kamati kwa ajili ya kuamua meza na viti, alitia vidole katika tundu lake akapapasa ubavu kwa ndani, pale kiunoni ulipojipinda. Akamwuliza kijana, "Ulivunja ngapi, mwanangu?"

"Sita, babu," kijana akajibu. "Hizi ni ya saba na ya nane."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kitini pake, wala hakusema neno tena. Mimi sikulielewa swali wala jibu lake. Ilinipasa kwenda kumtafuta mzee yule karakanani kwake, miaka kadhaa baadaye, ndipo nikaelewa kwamba katika kamati yetu nzima alikuwapo mwamuzi mmoja tu, na kwamba huyo hakuulizwa. Makala haya nayaandika kwa ajili ya kulisahihisha daftari langu.

Si haki kuilaumu kamati peke yake. Neno "asili" lilikuwa limetufikia kutoka mbali, na njiani lilikuwa limepotewa na nusu ya maana yake. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge mara baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara mpya itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi wetu, hasa waliosoma, waliweza kupiga gitaa na piano, lakini ni wachache mno waliojua kupiga nanga, zeze au marimba. Masikitiko hayo yalikuwa ya haki, na wakati ule yalihitajiwa sana. Walakini, katika hotuba iyo hiyo Mwalimu hakuwa na maneno laini kwa taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine. Sisi watumishi wa utamaduni tuliishika sehemu ya kwanza tukaiweka katika masharti na fomu. Sehemu ya pili tukaiacha katika kabati. Gitaa, ambalo katika hotuba lilikuwa mfano tu wa chombo kilichopendwa kuliko zeze, likageuka katika karatasi zetu kuwa jina la kosa.

Na hata hiyo sehemu ya kwanza hatukuisoma sawasawa. Swali la Mwalimu lilikuwa: ni nani ajuaye kupiga? Sisi tukaligeuza likawa: chombo hiki kimetoka nchi gani? Liko swali la tatu ambalo lingetusaidia kuliko yote mawili, nalo ni: nani ajuaye kukiunda? Hilo hatukuliuliza kabisa, na nina hakika kwamba tungeliuliza, zawadi ile isingekwenda ilikokwenda.

Sasa natazame ubavu wenyewe. Gitaa lina uso, mgongo, shingo na mbavu mbili. Uso na mgongo ni mbao pana zilizolala, shingo huchongwa. Mbavu ndizo zinazopindwa, nazo ndizo zinazolipa gitaa umbo lile ambalo kila mtu hulitambua hata kwa kivuli chake. Kila ubavu huanza ukiwa ubao ulionyooka, wenye urefu wa kiasi cha sentimita 80, upana wa sentimita 10 hivi, na unene wa milimita 2 tu. Ubao huu lazima uzunguke tumbo la gitaa, uingie kiunoni, utoke tena kifuani, uishie shingoni. Hayo ni mapindo matatu, na lile la katikati linaelekea kinyume cha mengine mawili. Ndiyo maana kiuno ndicho kinachovunja mbao nyingi.

Kazi huanza kabla ya moto. Gogo lipasuliwe kwa kuelekea moyo wake, ili nyuzi za mti zipite zimenyooka kutoka ncha moja ya ubao hata ya pili. Uzi unaokatizwa na kutokeza usoni mwa ubao ni mlango wa ufa. Fundi asiyeuona mapema ataonyeshwa na bomba. Kisha ubao hukaushwa miezi mingi, hupigwa randa na kukwanguliwa mpaka unene wake uwe sawa kote. Mahali palipobaki nene hupinda kwa ukaidi, na mahali palipozidi wembamba hupinda kupita kiasi, na matokeo yake ni ubavu wenye vigongo kama mgongo wa mamba.

Mafundi wengi hupindia juu ya bomba la chuma. Mzee yule alilibana bomba la maji katika jiliwa, akatia makaa ndani yake, akangoja. Hakuwa na kipimajoto. Alidondosha tone la maji juu ya chuma: likituama na kutoa mvuke polepole, moto haujatosha, likiruka na kukimbia huku likichachatika, bomba liko tayari, nalo wakati huo huwa na joto la sentigredi 150 na zaidi, karibu na 200. Ubao hulowanishwa, lakini si sana. Huwekwa juu ya bomba huku ukisogezwa mbele na nyuma, na mikono yote miwili hukandamiza kwa nguvu ndogo isiyopungua wala kuzidi. Kwa kitambo hakuna kinachotokea. Mwanafunzi hupumbazwa na kitambo hicho, akaongeza nguvu, na ubao ukalia na kukatika. Fundi hungoja. Ghafla ubao hulegea mikononi kama kwamba umekata shauri, ukafuata mviringo wa bomba. Mzee aliniambia niushike ili niionje dakika hiyo, nikaushika, nikauvunja. Akacheka, akasema sasa nami ninayo hesabu yangu ya kuanzia.

Wanafunzi wa sayansi watapenda kujua kinachotendeka. Mti umejengwa kwa nyuzi za selulosi, zilizoshikamanishwa na kitu kiitwacho lignini, ambacho kazi yake ni kama ya saruji kati ya nondo. Lignini ikiwa baridi ni ngumu. Ikipashwa moto hulegea, na ikiwa na unyevu hulegea kwa joto dogo zaidi, karibu na sentigredi 100. Hapo nyuzi huweza kuteleza kidogo, moja kando ya nyingine. Ubao ukipoa lignini hukaza tena, na nyuzi hubaki katika mahali pake papya. Basi maji hayaulainishi ubao kwa kuulowesha, kama wengi wanavyodhani, bali huingiza joto ndani na kuisaidia lignini kulegea. Ubao ukikaa majini kutwa hupata madoa, huvimba na kujipinda vibaya.

Lipo na jambo la pili. Ubao uliopashwa moto hukubali kusongamana, lakini haukubali kurefuka ila kwa asilimia 1 au 2. Katika kila pindo, upande wa ndani husongamana na upande wa nje huvutwa. Basi ubao hupasukia nje. Mafundi, kwa kulijua hilo, hufunga ukanda mwembamba wa bati upande wa nje wakapinda vyote pamoja, ili bati libebe mvuto na kuuacha ubao usongamane tu. Kijana wa maonyesho yetu hakuwa na mwalimu wa kumwambia hayo. Aliyagundua kwa mbao sita, na ubavu wa saba aliupinda kwa kipande cha bati la debe. Alama ya debe ilikuwapo upande wa nje wa ubavu, hafifu kama mstari wa penseli. Tuliiona kamatini, na mmoja wetu akaandika katika safu ya dosari kwamba kazi haikusafishwa vizuri.

Ubavu ukishapindwa hutaka kurudi ulikotoka. Hufungwa katika kalibu iliyochongwa kwa umbo la gitaa, ukaachwa humo mpaka upoe na kukauka kabisa, na hata hivyo ukitolewa hujikunjua kidogo, kwa hiyo fundi huupinda kupita kiasi kidogo tangu mwanzo. Halafu kuna ubavu wa pili, ambao ni mgumu kuliko wa kwanza. Wa kwanza haukuwa na wa kufanana naye. Wa pili lazima uwe pacha wake. Mwisho mbavu huunganishwa na kigogo cha shingoni na kigogo cha kitakoni, na kando ya kingo zake, kwa ndani, hubandikwa utepe wa mbao wenye mikato mingi myembamba ya msumeno, upate kufuata mapindo na kuongeza nafasi ya gundi. Vidole vya mzee, siku ile, vilikuwa vikiuhesabu utepe huo.

Nikiwa karakanani, niliingiwa na mashaka juu ya methali tunayoitumia mno madarasani: samaki mkunje angali mbichi. Sijui ni mara ngapi nimeisikia ikitolewa kama hukumu juu ya mtoto aliyechelewa, kana kwamba kila kitu duniani ni samaki. Gitaa halikubaliani na methali hii. Ubao mbichi hufaa kwa kazi nyingine za kupinda, lakini ubavu wa gitaa ukipindwa ungali mbichi, utajikunja na kupasuka utakapokauka. Sharti ubao uwe umekauka, umekomaa, umekwisha kusinyaa kadiri yake. Ndipo urudishiwe unyevu kidogo na moto mwingi, nao utapinda. Sisemi methali ni ya uwongo. Nasema imesemwa na mvuvi, na kwamba seremala naye angekuwa na yake kama tungemsikiliza. Mwalimu anayefundisha watu wazima kusoma anaijua methali ya seremala, hata kama haijapata maneno.

Sisi washairi nasi tunao upinzani wetu. Mwenye kutunga kwa vina na mizani hukutana na neno refu lisiloingia katika kipande chake. Hulikata, hulirefusha, ndiyo inkisari na mazida ya wazee. Neno linaweza kupindwa, lakini kwa upande linaokubali. Ukilivuta kwa nje litapasuka, na msikilizaji atausikia ufa ingawa hesabu ya mizani imetimia. Nimewahi kuyapeleka magazetini mashairi yaliyopasuka hivyo, yakachapwa. Nayasitiri majina yake.

Tuiache karakana twende pwani, kwa maana hukumu ya "asili" ina historia ambayo pwani yaieleza vizuri kuliko bara. Waswahili wamekuwa na ala mbili za nyuzi za kudonoa zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza ni gambusi, ambayo Unguja huitwa pia kibangala, na Wangazija wanalo gabusi lao. Gambusi huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, tumbo na shingo pamoja. Hukombwa ndani kama mtumbwi, na juu yake huwambwa ngozi. Ya pili ni udi. Udi haukombwi. Mgongo wake hujengwa kwa vipande vingi vyembamba vya mbao, kila kimoja kikipindwa juu ya chuma cha moto na kubandikwa ubavuni mwa mwenzake juu ya kalibu, mpaka vifanye mviringo kama nusu ya tikiti. Tofauti ya ala hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya umbo. Fundi wa gambusi hupata umbo kwa kuondoa. Fundi wa udi hulipata kwa kupinda na kuunga. Wajenzi wa majahazi wamekaa kati ya mafundi hawa, maana mataruma ya chombo huyatafuta katika miti iliyopinda yenyewe ingali hai, wakakata pindo lililokwisha kufanywa.

Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu wake Misri kujifunza muziki wa huko. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wakaenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, kwa Kiswahili, na udi ukiwa miongoni mwa ala zao. Leo hakuna kamati itakayothubutu kuuondoa udi mezani kwa kuuita wa kigeni. Nini kilichotokea kati? Miaka ilipita, ndiyo. Lakini miaka peke yake haifanyi kitu kuwa chetu. Watu wetu walitia maneno yao katika chombo, wakakipiga kwa namna yao, na kilipovunjika wapo waliokitengeneza. Mzee yule wa karakanani, katika ujana wake, alikuwa akibandika upya mbavu za udi zilizoachana kwa sababu ya mvua na chumvi. Bomba alilonionyesha lilianza kazi huko. Kwa hiyo alipolipapasa gitaa la kijana hakuona chombo cha kigeni. Aliona kazi aliyoizoea ikiwa imefanywa kwa umbo jingine.

Gitaa nalo limekwisha kwenda njia iyo hiyo, ila kwa mguu mmoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimnasa Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville huko Katanga, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, akapiga kwa vidole viwili, sauti nzito na nyembamba zikienda kama watu wawili wanaojibizana, na mtindo huo ukafika mpaka Nairobi na kufundisha wapigaji wengi. Kwetu Morogoro walikuwapo Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979. Ni nani atakayesema kwamba mapigo ya Mbaraka ni ya kigeni? Upigaji tumekwisha kuutwaa. Kuunda ndiko tulikokuacha. Kweli, watoto wa mitaa yetu wameunda magitaa ya makopo na galoni tangu zamani, na wapo mafundi huku na huku. Lakini tunayaona hayo kuwa michezo, na aliye na fedha hununua lililotoka nje. Tena bendi zilipoingia katika magitaa ya umeme, ambayo mengi ni mbao nzima isiyo na tumbo wala ubavu, haja ya kujua kupinda ikazidi kusahauliwa.

Nategemea hapa mtu ataniuliza swali gumu, na nimekwisha kuulizwa na mwalimu mmoja wa fizikia: je, ubavu una sauti gani hata uandikiwe makala? Anayo hoja. Fundi Antonio de Torres wa Almería huko Hispania, aliyeishi kuanzia mwaka 1817 hadi 1892 na ambaye umbo lake la gitaa ndilo linalofuatwa mpaka leo, aliunda mwaka 1862 gitaa ambalo uso wake ulikuwa wa mbao nzuri, lakini mbavu na mgongo ni za karatasi ngumu. Alitaka kuonyesha kwamba uso ndio unaotoa sauti. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Basi kama karatasi yatosha, mbao sita zilivunjwa kwa nini?

Jibu langu ni kwamba Torres alithibitisha alichotaka, na sisi tusithibitishe zaidi yake. Hakulikusudia gitaa la karatasi liwe kielelezo cha kuigwa. Magitaa aliyowauzia watu aliendelea kuyaunda kwa mbavu za mbao. Uso hauwezi kutetemeka vizuri kama kingo zake hazikushikwa imara. Nyuzi sita za chuma hulivuta gitaa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kiasi cha kilo 70, nazo za nailoni kiasi cha kilo 40, usiku na mchana, hata chombo kikiwa kimetundikwa ukutani. Mbavu husaidia kubeba mvuto huo. Ndizo pia zinazokadiria kina cha tumbo, na hewa iliyo ndani ya tumbo ndiyo inayozipa sauti nzito uzito wake. Ubavu haupazi sauti mbele ya watu, lakini uso ukiwa umebandikwa juu ya mbavu zisizolingana, fundi atalazimika kuukaza kwa nguvu ili ufuate kingo, nao utaimba umekunja uso.

Nirudi kwenye miti, kwa kuwa jambo hili linatugusa mfukoni. Mti wetu wa mpingo ni ndugu wa ile miti ya nchi za Brazili na Uhindi ambayo kwa vizazi vingi imetengenezewa mbavu na migongo ya magitaa ya thamani. Yote ni ya jamii moja, ambayo wataalamu huiita Dalbergia. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na tangu zamani umepelekwa Ulaya kwa ajili ya zumari na klarineti. Wako na mafundi wa ng'ambo wanaoupinda kwa mbavu za magitaa. Kazi hiyo si rahisi, maana mpingo hukua polepole na aghalabu umepindapinda, una mashimo na nyufa. Kupata ubao safi wa sentimita 80 ni bahati. Biashara ya jamii yote ya Dalbergia ilitiwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa kuanzia Januari 2017, na mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kuundwa zikaondolewa katika baadhi ya masharti hayo. Yaani chombo kilichoundwa husafiri kwa wepesi kuliko gogo. Nchi yenye gogo na isiyo na fundi itajua yenyewe hesabu yake. Wala si lazima kuanza na mpingo. Mbavu za gitaa la kijana yule zilikuwa za mninga, mti ambao kila seremala wetu anao, ambao hautikisiki sana baada ya kukauka, na ambao aliupata katika masalio ya kitanda.

Lawama yangu ya mwisho nazielekeza kwa sisi tunaoandika juu ya sanaa. Fungueni vitabu vyetu vya fasihi na utamaduni. Nyimbo zimegawanywa katika mafungu: za kazi, za jando, za kubembelezea watoto, za siasa. Maneno yamechambuliwa, dhamira zimeorodheshwa. Juu ya chombo kilichoambatana na wimbo huo mtaona mstari mmoja: "ulipigwa kwa zeze." Zeze la mti gani? Liliwambwa ngozi ya mnyama gani? Nani alilifunga uzi? Mwandishi hakuuliza, kama nami sikuuliza. Kwa hiyo tunapoambiwa tuamue kama chombo ni cha asili, hatuna mahali pa kutazama isipokuwa jina lake, na jina ndilo linalotudanganya. Zeze lililonunuliwa gulioni lilikuwa la asili, naam, lakini asili hiyo ilikuwa ya mzee aliyelichonga, ambaye hakualikwa wala hakutajwa. Shule ilipokea zawadi yake. Tulimnyima mafundi wawili haki zao kwa mpigo mmoja, yule wa gitaa kwa kumkataa na yule wa zeze kwa kutomwona.

Kama walimu wanaosoma makala haya watakuwa na nafasi, nawasihi wamwalike seremala darasani mara moja, pamoja na bomba lake, makaa na mbao kumi nyembamba. Mwalimu wa kemia aeleze lignini, mwalimu wa Kiswahili ayaandike maneno ya fundi, kwa maana mengi hayamo katika kamusi zetu: jina la sauti ya ubao kabla haujavunjika, jina la ile dakika ya kulegea. Mzee alikuwa na neno la dakika hiyo. Alisema ubao "umeitika".

Mzee yule amekwisha kufariki. Kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, nilimkuta mwaka jana katika karakana yake, akiunda milango na vitanda kama wenzake wote. Gitaa lile lilikuwa limetundikwa juu ya msumari nyuma ya mlango. Nilimwambia kwamba mimi ndimi niliyeandika katika daftari. Akasema, "Nakukumbuka, mzee. Ulikuwa na kalamu nyekundu." Kisha akalishusha, akanionyesha kiunoni, upande wa kushoto, ambapo gundi ilikuwa imeachia katika mvua za masika na ubavu umeanza kujikunjua. Bomba lilikuwa tayari motoni. Akaniomba nimshikie upande wa pili.